Mlango wa Uani wa Kompyuta

S.L.P. 63,
Newala.
14 Julai, 2007.

Mpendwa mdogo wangu Dastani,

Kwanza pokea marahaba yako, maana najua shikamoo umeshaitoa pale ulipoona mwandiko wangu kwenye bahasha. Hamjambo huko Bukoba? Wifi yangu Ethel hajambo? Na Anthony, meno ya mbele yameota au bado anaongea kwa upepo? Sisi huku tunapumua. Mama anakunywa uji na anameza vizuri, na mkono wa kushoto unashika kikombe wenyewe. Upande wa kulia bado umelala, na sauti, kama nilivyokueleza kwenye simu, haijarudi tangu kiharusi kilipompiga ile wiki ya baada ya Pasaka. Lakini usianze kutafuta leso. Barua hii si ya msiba.

Baridi ya mwaka huu inakata masikio. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni Shimo la Mungu, unaingia mpaka sokoni, na hadi saa tatu hujui nani anapita barabarani mpaka akusalimie. Mikorosho imeanza maua. Watu wanapuliza salfa, na jua likipenya kwenye ule unga wa manjano, mdogo wangu, mimi husimama tu na ndoo yangu kichwani nimesahau ninakokwenda. Unanijua. Mama alikuwa akisema, Priska ukimtuma chumvi atakuletea habari za mawingu. Siku hizi hawezi kulisema hilo, ila ananitazama kwa jicho lile lile.

Ndani ya bahasha umekuta CD imefungwa kwa kipande cha boksi. Iweke mezani. Usiitie kwenye mashine kabla hujamaliza kusoma, na usiruke kurasa kama ulivyozoea kuruka kwenye vitabu vya hadithi ukaangalie nani kafa. Mimi haya nimeyapitia hatua kwa hatua, na wewe utayapitia hivyo hivyo. Ndiyo adhabu ya kuwa mdogo.

Unakumbuka siku ya mwisho ya likizo yako, Januari, ulipomuuliza Mama swali lako. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno. Ulimwambia umefikisha miaka thelathini na minane, una mke na mtoto, na bado hujui mama aliyekuzaa ni nani wala wa wapi. Kwamba tangu shuleni wanakuita mtoto wa kuokotwa. Kwamba ulipooa, aliyesimama kwa ajili yako alikuwa kaka yake Mama, akasimama kwa huruma, na wewe ulijua ni huruma. Mmakonde asiye na mjomba wake ni mtu wa kuazima viti. Hayo ni maneno yako, na yananiuma hadi leo.

Mama hakukujibu. Wewe ukaondoka na basi la asubuhi ukidhani amekasirika. Hakukasirika. Wiki mbili baadaye aliniita akasema atayasema yote, ila hawezi kuyasema akitazama macho yako, na kwa simu hataki kwa sababu simu inakata watu katikati. Basi nikamketisha mbele ya kompyuta ile uliyotuachia, nikachomeka kipaza sauti, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Akaniambia kwa Chimakonde chake cha amri nitoke, nifunge mlango, nikatwange. Haya ni ya Dastani, akasema, yakifika kwake ndipo yatakuwa ya wengine. Nilitwanga mpaka mihogo ikalia. Dakika thelathini na nane alizungumza mle ndani. Alipotoka alikuwa amelia, akaomba maji ya kunywa, akaenda kulala mchana, kitu ambacho Mama hakuwahi kukifanya maisha yake yote.

Sasa sikiliza dhambi yangu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuichoma ile sauti kwenye CD na kukutumia. Nikasema kesho. Kesho zikaja karatasi za mitihani ya shule za msingi, nikapiga chapa. Ikaja kadi ya harusi ya Shamila wa jirani. Kila nikipita karibu na mashine nilikuwa nawaza sauti ya Mama imelala mle ndani na kujifunika, na wazo lenyewe lilinipendeza, nikaliacha lilale. Februari ikapita, Machi ikapita. Aprili Mama akaanguka ua wa nyuma akiwa na ungo mkononi, na alipoamka hakuwa na neno hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichomo ndani ya lile boksi ndicho pekee kilichobaki. Mama hajui kuandika zaidi ya jina lake. Baba alishatangulia. Hakuna mwingine duniani ninayemjua mwenye habari hizo. Nilitakiwa kuichoma siku ile ile. Badala yake nilikuwa namgeuza Mama kitandani, namlisha, namkanda, na mashine nikaisahau kabisa. Naandika haya bila kujitetea, ukitaka kunitukana nitukane, nitakuitikia.

Wiki ya Pentekoste umeme ukafanya vituko. Alasiri moja ulikatika na kurudi mara tatu, na ile stebilaiza ya mtumba ikatoa harufu ya ngozi iliyoungua. Nilikuwa katikati ya kuandika muhtasari wa kikao cha kanisa. Kuwasha tena, kioo cheusi. Maandishi meupe mistari miwili, halafu kijimstari kinapepesa, kinapepesa, kama kinangoja mimi niseme kitu. Nikazima, nikawasha. Vile vile. Nikaomba Salamu Maria, nikawasha. Vile vile.

Nikakumbuka CD yako. Ile uliyoiandika kwa kalamu nyekundu UOKOAJI, ukanishikisha mkononi ukasema dada, hii kompyuta ya Linux haishikwi na virusi lakini ajali haina kinga, siku ikigoma kuwaka weka hii, itaamka kwa kutumia hii. Ukasisitiza niitunze pahali pa heshima. Na mimi nilikuwa nimeitunza, Dastani! Pahali pa heshima kuliko pote. Niliiweka jikoni juu ya uchanja, pamoja na mahindi ya mbegu na kibuyu cha kunde.

Usicheke. Mtu aliyelelewa na Mama angeiweka wapi pengine? Tangu tuko wadogo kitu cha kesho kinatundikwa juu ya moto wa leo. Moshi unafukuza fukusi, panya hakai kwenye moshi, mbegu inakaa mpaka mvua. Hata vyeti vyetu vya ubatizo vilikaa pale kwenye kopo. Basi nikapanda kigoda, nikapapasa kati ya mahindi, nikaitoa. Ilikuwa nyeusi kwa masizi na imepinda kama chapati iliyosahauliwa. Nikaifuta kwa khanga, maandishi yako mekundu yakafutika nayo. Nikaitia kwenye mashine hivyo hivyo, ikakwaruza mara mbili, mlango ukaitema. Nikashika tama pale chini ya meza, mtu mzima na miaka arobaini na mitano, nikalia kwa sauti mpaka Mama akagonga ukuta kwa mkono wake mzima kuuliza kuna nini.

Kesho yake nikaipeleka sipiyu, lile boksi lenyewe, kwa fundi mmoja wa pale mjini, jina lake nalisitiri. Siku hizi, tangu biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye meza na bisibisi ni fundi wa kompyuta. Alikuwa mchangamfu, akaiwasha, akakitazama kile kijimstari kinachopepesa, akasema, "Mama, hii tunaifomati tu. Saa kumi unaichukua mpya." Jamani, neno mpya lilinifurahisha! Nikakubali. Nikaketi kwenye benchi lake nikitazama ukungu unavyopungua kwenye paa za bati, nikajiona nakuletea sauti, nikakuona unavyokaa kuisikiliza na ziwa lenu kubwa likiwa nyuma yako. Yeye akachomoa CD yake, akaanza kubonyeza. Mimi kwa ujinga wangu, kwa kutaka tu mazungumzo, nikamwuliza: "Na sauti ya Mama itakuwa safi zaidi?"

Akasimamisha kidole hewani. "Sauti gani?"

Nikamweleza. Akasema, "Mama, ukifomati hakibaki kitu. Ni kama shamba lililochomwa." Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, Dastani. Kimebaki kibonyezo kimoja. Sijui nilisimama vipi, ila nilichomoa waya wa umeme ukutani kwa mkono wangu, nikaikumbatia ile sipiyu na kutoka nayo, na yeye ananidai malipo ya kazi ambayo hata hakuifanya. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeinamisha mtungi mwenyewe huku nikitabasamu.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Haji Khalfan wa Masasi, yule aliyekuwa anatengeneza redio ya Baba. Nilisikia kwa Shamila kwamba uzeeni amehamia kwenye kompyuta, na kwamba baada ya virusi kumwulia mashine tatu alitangaza talaka na programu zote isipokuwa Linux. Baba Shamila alikuwa anashuka Masasi na pikapu yake kuchukua saruji, akanipa kiti cha mbele. Mama nikamwachia Mama Somoe wa jirani. Sipiyu niliipakata imefungwa kwa khanga, na kila shimo barabarani niliiomba radhi. Baba Shamila akanitazama mara mbili. Ulivyoanza ule mteremko wa kuacha uwanda na vile vilima vya mawe vya Masasi vikatokea mbali, vimekaa tu kimya kila kimoja na lake, nikasinzia kidogo, nikaota Mama anaimba ndani ya boksi na mimi sijui kifungulio kiko wapi.

Mzee Haji amezeeka lakini vidole havijazeeka. Nikamwamkia, akaniitikia, akauliza hali ya Mama kabla hata ya kuuliza nimeleta nini. Nikamweleza yote, pamoja na ile CD ya juu ya uchanja. Hapo alicheka mpaka akavua miwani. Akasema marehemu mkewe aliwahi kumwanikia kaseti za mawaidha juani pamoja na mchele, kwa hiyo nisijione wa kwanza.

Akatoa CD yake safi. Akanionyesha, bonyeza Delete mara tu inapowaka, kabla haijajua kama umefika, uiambie ianze kutazama kwenye CD kwanza, diski baadaye. Tukangoja. Ikavuma, ikanyamaza, ikavuma, halafu kioo kikaja na rangi ya udongo wetu wa Newala, na mshale katikati. Mashine ilikuwa imeamka bila kugusa diski yake hata kidogo! Ilikuwa inaishi kwa CD. Nilimshika Mzee Haji bega, akasema taratibu mwanangu, mgonjwa ameingizwa hospitali tu, hajapona.

Nilichompendea ni kwamba hakukimbilia kutengeneza. Alisema kwanza toa watu, nyumba utaizima moto baadaye. Akaifungua ile diski kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika chochote, akaanza kutafuta. Mafolda mengine yalikuwa na majina ya kuchekesha, herufi zimevurugika. Karatasi za mitihani zilikuwapo nusunusu. Kadi ya Shamila ilikuwapo, bila bwana harusi. Nikawa nasoma majina moja baada ya jingine. Na kisha nikaiona, kama nilivyoiita mwenyewe, mama_kwa_dastani. Mzee Haji akachomeka flashi, akainakili. Ule mstari wa kunakili ulikwenda, ukasimama katikati kwa muda wa kutosha kusali rozari nzima, ukaendelea, ukafika.

Akasema lazima tuijaribu. Nikamwambia ni siri. Akajibu yeye ni Myao, Chimakonde hakijui zaidi ya salamu, na sekunde tano zinatosha. Akabonyeza. Mama akasema, "Dastani, mwanangu," kwa ile sauti yake ya zamani, yenye kukohoa kidogo mbele. Dastani, sikuwa nimeisikia kwa wiki saba. Nilikuwa nimeanza kuisahau na sikujua kama nimeanza kuisahau. Mzee Haji akazima, akaenda nje kutazama kama mvua itanyesha. Mwezi wa sita, Masasi, mvua!

Siku ya pili ndiyo ya shule. Nililala kwa dada Stamili kule Lisekese, asubuhi nikarudi, nikakuta diski ameshaikagua na kuiponya, mashine inawaka yenyewe. Nikataka kuaga. Akaniambia kaa chini. Akasema mdogo wako ni fundi mzuri lakini alikuachia nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo wa akiba akakuachia wewe, mtu wa uchanja. Kwa hiyo hilo nakufikishia kama lilivyo, na mimi naliunga mkono. Nyumba ya Mswahili haikosi mlango wa uani, na wewe hukutujengea.

Tukaujenga. Yaani alinikalisha mimi kwenye kibodi, yeye akiwa nyuma na kikombe cha kahawa. Tulikata kipande kidogo mwishoni mwa diski, giga moja, tukakitenga na vitu vyangu vyote. Tukanakili mle mfumo mzima wa uokoaji kutoka kwenye CD. Kisha tukafungua lile faili la menyu ya kuwashia na kuongeza mistari minne, kuiambia mashine kwamba pamoja na mlango wa mbele kuna mwingine. Niliupa jina mwenyewe, Mlango wa Uani, na ndivyo inavyoandikwa kwenye kioo kila nikiwasha. Inangoja hesabu ya kumi. Usipogusa, unaingia mbele kama kawaida. Ukishuka kwa mshale na kubonyeza, unaingia nyuma, hata kama sebuleni kumeharibika.

Mara ya kwanza ilikataa. Ilisema sehemu hiyo haipo. Nikaapa nimeandika namba tatu, sehemu ya tatu, ndiyo hiyo. Mzee Haji akanywa kahawa yake taratibu, halafu akasema menyu hii inahesabu kuanzia sifuri. Wee! Nani duniani anahesabu watoto wake kuanzia sifuri? Lakini nikabadilisha tatu kuwa mbili, na mlango ukafunguka. Akanilazimisha kuingia na kutoka mara tano, mara ya tano akiwa ameniziba kioo kwa gazeti ili nijue kwa vidole. Akanikumbusha pia kwamba diski yenyewe ikifa, mlango wa uani unakufa nayo, kwa hiyo akanichomea CD mpya ya uokoaji na CD tatu za sauti ya Mama. Moja imebaki kwake, moja iko kwenye sanduku langu la vitenge chumbani, mbali na moto, na moja unayo. Malipo alikataa. Alichukua mihogo mikavu, kwa kunisitiri.

Nilirudi nyumbani na swali. Mama alisema yakifika kwako ndipo yawe ya wengine. Lakini CD yaweza kuvunjika njiani, posta ni posta, na yeye hawezi kusema tena. Nikaiweka mashine karibu na kitanda chake, nikamwuliza: nitume hivi hivi bila kusikiliza, au?  Kisha akapapasa mkeka kwa mkono wa kushoto, mara mbili, kama alivyokuwa akitupapasia tukiwa watoto. Nikakaa. Tukasikiliza pamoja, saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, Mama akijisikiliza mwenyewe na machozi yakimtoka upande mmoja tu.

Sasa shikilia kiti, mdogo wangu.

Hukuokotwa. Nakuandikia tena, hukuokotwa wewe. Mama yako aliitwa Isabela, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wa huko Mueda. Alivuka wakati wa vita vyao na Wareno, wewe ukiwa na miezi mitano mgongoni na maziwa yamemkauka. Nyumba yetu ilikuwa imetoka kumzika kichanga, mdogo wangu Oliva, na Mama maziwa yalikuwa yanamuuma. Isabela alikuweka mikononi mwake, mkono kwa mkono, mbele ya Baba. Akarudi kubeba mizigo ya wapiganaji, akasema vita vikiisha nitakuja.

Na alikuja. Hapo ndipo Mama kwenye CD ananyamaza kirefu, usidhani imekatika. Alikuja mwaka wa sabini na tano, wewe una miaka sita. Ulimwona mgeni mlangoni ukakimbilia nyuma ya khanga ya Mama na kumshika paja ukilia usiondolewe. Isabela alikutazama. Akamwambia Mama, nikimchukua leo nitamfanya yatima, na mama yake yu hai. Basi akakuacha. Lakini hakurudi Mueda. Alihamia Mnyambe, alikokuwa kaka yake, akalima huko ili awe mbali kiasi cha kutokusumbua na karibu kiasi cha kukuona. Alimwapisha Mama asiseme mpaka wewe mwenyewe uulize ukiwa mtu mzima.

Unamkumbuka yule mama mwembamba aliyekuwa analeta ming'oko, vile viazi vya porini, siku za gulio, anakaa barazani kwetu kuifungua, na wewe anakupa rundo bila kupimiwa? Tulikuwa tunagombana, mimi nalalamika kwa nini Dastani anapendelewa. Ndiye. Miaka tisa alikuwa anakuja. Alifariki mwaka wa themanini na nne, ukiwa shule ya bweni. Wewe uliporudi likizo uliuliza yule mama wa ming'oko siku hizi haji? Mama akatoka nje. Nakumbuka alivyotoka, nikadhani moshi.

Nimelia sana, Dastani, na nimekuonea wivu, na nimefurahi. Vyote mara moja, sijui kuvipanga.

Mama kwenye CD anasema jina la yule kaka ni Basil. Sikusubiri. Jumatano iliyopita nilipanda pikipiki mpaka Mnyambe, nikauliza watu wawili tu, nikaonyeshwa. Ni mzee mwenye mvi nyeupe pepe na masikio yako, haya unayoyaficha kwa kofia. Alikuwa anapalilia chini ya mikorosho. Nikamwamkia, nikasema mimi ni Priska wa Mama Josephina wa Newala. Akaweka jembe chini polepole, akauliza, "Ameuliza?" Miaka yote alikuwa anajua uko wapi na anaitwa nani mkeo. Harusi yako ya Newala alikuja, akakaa nyuma kabisa na wageni wasiojulikana, akala, akaondoka. Kiapo cha dada yake kilimfunga.

Akanipeleka kwenye kaburi. Liko nyuma ya nyumba, limefagiwa, hakuna hata jani la mkorosho. Nikamwambia ametunza vizuri. Akasema, "Nimelifagia miaka ishirini na mitatu, na mgongo sasa umechoka. Mwambie mwenye mama aje anipokee ufagio."

Hayo ndiyo niliyotumwa. Sasa weka CD kwenye mashine, ila kaa na Ethel, usiisikilize peke yako.

Msalimie Ethel sana, mwambie kahawa yake ilifika na Mzee Haji ameipunguza. Mbusu Anthony, mwambie bibi yake mwingine alikuwa anaitwa Isabela. Mama anakusalimu, nimemwuliza nikusalimu vipi, akaniwekea kiganja chake kifuani mwangu, basi ujifikishie hicho. Mama Somoe anakusalimu, Shamila na mumewe pia, na Mzee Haji Khalfan wa Masasi.

Na anakusalimu mjomba wako, Basil. Mjomba wako mwenyewe, wa tumbo moja na mama yako. Amekuja leo kwa miguu yake, ameketi barazani na Mama, ananingoja nimalize kuandika jina lake.

Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja, na akupe mvua na jua kila kimoja kwa wakati wake.

Ni mimi dada yako, niliyekunyima sauti kwa miezi mitano na kukupenda siku zote hizo,

Priska